MTOTO ALIYE NJIANI NI WA NANI?



 Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) yeye mwenyewe alilelewa akiwa yatima mikononi mwa babu yake, kisha mikononi mwa ami yake.

 Ijumaa hii nitasema jambo moja tu, nalo ni la nyumba moja katika jamaa yetu. Wenye nyumba wamenipa ruhusa. Majina sitayataja wala kartie sitaitaja, na anayewajua asinong'one. Ni jambo ambalo limenikosesha usingizi tangu mwezi wa Rajabu, nami naona kheri nilitoe hapa mbele yenu kuliko kulibeba peke yangu.

Kuna mtoto wa kike anayesoma kwetu chuoni. Alizaliwa upande wa Tchomia, kando ya ziwa. Vita viliporudi Djugu mwisho wa mwaka 2017 na mwanzo wa 2018, alikuwa hajatimiza miaka miwili. Mama yake aliuawa. Tate yake, yaani mama wa mama yake, alimfunga mgongoni akaja naye mpaka hapa Bunia. Baba yake alikuwa mchuuzi wa samaki. Alionekana mara ya mwisho pwani ya ziwa, akipanda mtumbwi uliojaa watu kwenda ng'ambo ya Uganda. Mnaukumbuka mwezi ule wa Februari 2018: maelfu na maelfu ya watu wetu walivuka Ziwa Albert, wakateremkia Sebagoro, wakapelekwa kambi ya Kyangwali, na kipindupindu kikawakuta huko huko. Tangu siku ile hakuna aliyepata habari ya mtu yule, ya uzima wala ya kifo.

Mama mdogo wa mtoto huyu, ndugu wa damu wa marehemu mama yake, yuko Kanada pamoja na mume wake. Hao walitoka kabla ya vita hivi, katika mipango ya wakimbizi. Ni Waislamu, wanafanya kazi kwa mikono yao, na Mwenyezi Mungu hakuwajalia mtoto. Walipopata habari ya yatima wa ndugu yao wakaomba wampokee awe mtoto wao, na wakaingia katika njia ile ndefu ya makaratasi: cheti cha kuzaliwa ambacho hakikuwako na ikabidi kitafutwe kwa hukumu, cheti cha kifo cha mama, uchunguzi wa nyumba yao kule Kanada, uchunguzi wa nyumba ya tate hapa, picha, alama za vidole, daktari, avoka, dola, na dola tena.

Hesabuni wenyewe miaka. Mara ya kwanza walipoambiwa kwamba mambo yamekaribia kwisha, yule mama mdogo alituma koti la baridi, jekundu, lenye manyoya kwenye kofia. Mtoto alilivaa siku nzima kwa furaha, na jua la Bunia mnalijua. Sasa koti hilo limetundikwa ukutani kwa tate, na mikono yake inamfika kwenye viwiko. Kila Jumamosi simu inalia, naye anamwita yule mwanamke "mama wa simu". Yuko hapa lakini hayuko hapa. Wenzake wakigawana kazi ya chuo kwa mwaka unaokuja, yeye hanyooshi mkono, kwa sababu huenda mwaka unaokuja hayupo.

Dosie imefika mwisho. Limebaki jambo moja: ama baba akubali mbele ya wakubwa, ama kithibitishwe kifo chake. Basi mwezi wa Rajabu akaja kwangu avoka mmoja, mtu mpole, na barua iliyokwisha kuandikwa kwa mashini. Barua inasema kwamba mimi, imam, nashuhudia kuwa baba wa mtoto alifariki Kyangwali mwaka 2018 kwa ugonjwa na akazikwa kwa dini yetu. Mahali pa jina langu palikuwa patupu. Akasema: "Shehe, tia mkono tu, na mtoto atapanda ndege kabla ya Ramadhani."

Sikutia mkono. Ramadhani imepita na mtoto yuko hapa. Sasa mnajua kwa nini wako watu ambao hawanisalimii vizuri.

Swali ninaloliuliza si swali la sheria peke yake. Mtoto aliyekwisha kuombwa na mtu wa mbali, akakubaliwa na tate, akaandikwa katika makaratasi, ila bado hajaondoka, ni wa nani? Na miaka hii ya kungoja anaitoa nani mfukoni mwake?

Mambo haya hayakuanzia katika nyumba hii. Wengi wenu mnakumbuka tarehe 25 Septemba 2013, ofisi ya Uhamiaji kule Kinshasa ilipofunga ghafla ruhusa ya kutoka kwa watoto wote wa Kongo waliokwisha kupewa wazazi wa nchi za nje. Si kwamba tribinali zilikuwa hazijasema. Zilikwisha sema. Mamia ya watoto walikwisha kuwa, kwa hukumu ya Kongo yenyewe, watoto wa watu wa Marekani, Ufaransa, Italia, Ubelgiji na Kanada, na wengine walikuwa na viza tayari. Kilichobaki kilikuwa karatasi moja ya kuvuka uwanja wa ndege. Serikali ikasema ina habari za watoto waliotendwa vibaya walikofika, wengine kupewa watu wa tatu kama kitu kisichotakiwa tena, na ikasema kuna udanganyifu katika madosie.

Basi watu wakangoja. Kuna wazazi waliohamia Kinshasa wakapanga nyumba ili wakae na watoto ambao hawangeweza kuondoka nao. Wengine walituma fedha kila mwezi kwa nyumba za mayatima, wakitazama mtoto akikua katika picha. Mwezi Mei 2014 Italia ilimtuma waziri wake Kinshasa kwa ndege ya serikali, akarudi Roma na watoto 31. Kwa wale waliobaki, hicho kilikuwa kama kuangalia mwenzako akifunguliwa mlango na wewe ukaachwa kizingitini. Mwezi Novemba 2015 tume ya mawaziri ikaruhusu watoto kama 70, na Februari 2016 wengine kama 150. Mtoto aliyepewa wazazi akiwa wa miaka miwili aliwafikia akiwa amekaribia mitano. Na wako watoto ambao hawakufika kamwe, walikufa wakingoja, na homa za kwetu mnazijua. Mwenyezi Mungu awe ndiye mlezi wao.

Nikiyasikia hayo moyo wangu unasema: hii ni dhuluma. Mkubwa mwenye muhuri hawezi kukaa juu ya maisha ya mtoto kama kuku juu ya mayai yaliyooza.

Kisha nakumbuka jambo lingine, na moyo unageuka. Mwezi Oktoba 2007, kule Chad, mji wa Abéché, shirika la Kifaransa liitwalo L'Arche de Zoé lilikamatwa likiwa na watoto 103 tayari kwa ndege. Walisema ni mayatima wa vita vya Darfur. Kule Ufaransa, kwenye uwanja wa ndege wa Vatry, familia zilikuwa zimekusanyika kuwapokea. Watu wale hawakuwa wezi, walikuwa wamelia na kuomba na kutoa fedha zao. Ndege haikuja. Umoja wa Mataifa na Msalaba Mwekundu walipowauliza watoto wenyewe, mmoja baada ya mmoja, ikaonekana kwamba 91 kati yao walikuwa wanaishi na jamaa zao, wakiwa na angalau mtu mzima mmoja wanayemjua kuwa mzazi wao. Wengi walikuwa watoto wa vijiji vya Chad yenyewe, watoto wa Waislamu. Watu sita wakahukumiwa N'Djamena mwezi Desemba miaka minane ya kazi ngumu, na Machi 2008 Rais Idriss Déby akawasamehe.

Na hapa Kongo kwetu? Wako watoto kutoka upande wa Gemena waliofika Ubelgiji mwaka 2015, baada ya kungojewa sana, na mwaka 2017 ikajulikana kwamba wazazi wao wa damu walikuwa hai kijijini. Wazazi wale waliambiwa watoto wanakwenda likizo mjini. Wakangoja likizo iishe.

Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipoona kosa langu la zamani. Nilipokuwa nikisema "wanaongoja" nilikuwa nawaona watu wawili tu: mtoto aliye hapa na mama aliye Ulaya. Sikuwa namwona wa tatu. Baba yule wa Gemena alikuwa anangoja pia, ila kungoja kwake hakukuwa na dosie, hakukuwa na avoka, hakuna aliyemwandikia habari gazetini mpaka baadaye. Katika kila nyumba inayongoja mtoto afike, yatupasa kuuliza kama iko nyumba nyingine inayongoja mtoto arudi.

Dini yetu imeliona jambo hili mapema kuliko serikali zote. Mnajua kisa cha Zayd bin Haritha, radhi za Allah ziwe juu yake. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa sokoni, akafika katika nyumba ya bibi Khadija, naye akampa Mtume (S.A.W.) kabla ya utume. Akapendwa. Miaka ikapita. Baba yake, Haritha, alikuwa hajaacha kuuliza habari zake kwa kila msafiri, mpaka akasikia kwamba kijana wake yuko Makka. Akaja yeye na ndugu yake na fedha ya kumkomboa. Mtume akakataa fedha. Akamwita Zayd akampa hiari: ukitaka kwenda nao, nenda. Zayd akachagua kubaki. Na Mtume akatangaza mbele ya watu kwamba Zayd ni mwanawe, akaitwa Zayd bin Muhammad, hadi zilipoteremka aya za Suratul Ahzab, ya 4 na ya 5, zinazotuamuru kuwaita watoto tuwaleao kwa baba zao waliowazaa, na tusipowajua baba zao, basi ni ndugu zetu katika dini. Akarudi kuwa Zayd bin Haritha, na mapenzi hayakupungua hata kidogo.

Watu wengi wakisimulia kisa hiki wanasimama kwa Zayd na uchaguzi wake. Mimi siku hizi nasimama kwa Haritha. Alipofika, mlango ulifunguliwa. Hakuna aliyemwambia "umechelewa, tulikwisha kuandika kwamba umekufa". Mtume wetu alikuwa na kila sababu ya kumtaka yule kijana abaki, na hakuificha njia ya baba. Kama kungekuwa na karatasi Makka siku zile iliyosema Haritha ni marehemu, na mtu mwema ametia mkono kwa huruma, kisa kingekuwa kipi?

Nilipolieleza hili kwa tate na jamaa, mzee mmoja wa msikiti wetu, mtu wa elimu kuliko mimi katika mambo mengi, alinijibu vizuri. Akasema: "Shehe, wewe unajua kwamba kusema kisicho kweli kumepewa ruhusa katika mambo matatu, na moja ni kupatanisha watu. Hapa unamuunganisha yatima na jamaa yake. Kwa nini unakuwa mgumu?" Nililala na jibu lake siku tatu. Si jibu la kipumbavu. Kwa huruma peke yake, mzee ananishinda.

Lakini nikaona hivi. Anayepatanisha watu wawili kwa neno laini, hao wawili wapo, na uongo ule haumnyang'anyi mtu haki yake. Barua hii inampatanisha nani na nani? Inamzika mtu ambaye hatujui kama yu hai. Ukimwandika mtu kwamba amekufa umemwondolea mtoto wake, umemwondolea urithi, umemwondolea hata dua ya mtoto, kwani atamwombea kama maiti akiwa anatembea. Na ushuhuda si neno la sebuleni. Ushuhuda wa uongo Mtume (S.A.W.) aliuhesabu katika madhambi makubwa kabisa, na imepokewa kwamba alipoufikia aliinuka kutoka alipoegemea akaketi, akarudia na kurudia mpaka maswahaba wakatamani anyamaze.

Tena liko jambo dogo ambalo wakubwa wa makaratasi hawalifikirii. Msichana huyu atakuwa mwanamke mtu mzima. Siku moja atataka kujua. Ataomba dosie yake, kwa sababu nchi zile zinaweka madosie, na ataikuta barua ya imam wa Bunia. Akija kugundua kwamba baba yake aliishi miaka ishirini Hoima akiuza samaki, atanihukumu nani? Yeye. Na atakuwa na haki.

Basi je, asiende? Sikusema hivyo. Hapa nataka mnisikilize vizuri, maana kuna vijana waliotoka kwangu wakisema "imam amekataza watoto kwenda Ulaya". Imam hakukataza. Kumlea yatima ni katika mambo yanayomkaribisha mtu na Mtume Peponi kama vidole viwili vilivyo jirani. Na kafala, yaani kumchukua mtoto kwa malezi yote bila kumbadilisha nasaba yake, ni mlango uliofunguliwa na dini, na hata mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu chake cha 20, umeitaja kafala kwa jina lake la Kiarabu. Kongo ilitia mkono mkataba ule na kuuthibitisha mwaka 1990. Mkataba mwingine, wa The Hague wa tarehe 29 Mei 1993, unaohusu hasa watoto wanaopelekwa nchi nyingine, unataka kwanza itafutwe nyumba kwa mtoto nchini mwake, na ruhusa ya mzazi isinunuliwe kwa fedha. Wakati njia ilipofungwa mwaka 2013 Kongo haikuwa ndani ya mkataba huo, na ndiyo sababu moja ya vurugu ile. Kenya ilikuwa ndani yake na bado ilifunga mlango kwa wageni mwezi Novemba 2014. Kwa hiyo karatasi peke yake haimlindi mtoto. Inamlinda mtu anayeuliza.

Ninachosema ni kwamba kungoja kuko kwa aina nyingi. Kuna kungoja ambako ndani yake mtu anatafuta ukweli, na kuna kungoja ambako ndani yake mtu anatafuta matabishi. Vyote viwili kwa nje vinafanana: dosie juu ya meza, na mtu kwenye benchi. Mimi mwenyewe niliwahi kumsindikiza tate katika ofisi moja, sitaitaja, tukakaa toka asubuhi mpaka adhuhuri, na alipotoka yule mwenye muhuri akatuambia dosie "ina usingizi" na inahitaji kitu cha kuiamsha. Siku ile hakuna mtu katika ofisi ile aliyekuwa anamtafuta baba wa mtoto. Mtoto alikuwa anapoteza siku ya chuo ili mtu mmoja apate bia yake. Huyo akisimama mbele ya Mola wake na kusema alikuwa anawalinda watoto wa Kongo, sijui atamwonyesha nini.

Na hata ile miaka ya 2013 mpaka 2016, ndiyo maoni yangu. Kusimamisha na kuuliza kulikuwa haki. Walikuwako watoto wenye baba na mama katika madosie yale. Lakini baada ya kusimamisha, uliza! Tuma mtu kijijini. Fungua dosie moja moja, huyu yatima kweli, aende, huyu ana mama, arudi kwa mama. Kazi ile ilipofanywa mwishoni ilifanywa kwa miezi. Miaka iliyotangulia ilikuwa ya nini? Mtu mzima akingoja miaka miwili anazeeka miaka miwili. Mtoto wa miaka miwili akingoja miaka miwili amemaliza nusu ya umri wake katika kungoja. Hakimu na mtoto hawana saa moja.

Katika Qur'ani tunaye Nabii Yaaqub (A.S.), aliyepotelewa na Yusuf. Tunapenda kumtaja kwa ile subira njema, isiyolalamika kwa watu. Lakini someni Suratu Yusuf mpaka aya ya 87. Yule mzee, macho yamekwisha kupofuka kwa huzuni, anawatuma wanawe waende wakamtafute Yusuf na ndugu yake, na anawakataza kukata tamaa. Subira yake ilikuwa na miguu. Na mama wa Nabii Musa, katika Suratul Qasas, moyo ulipokuwa mtupu baada ya kumwachia mtoto mtoni, hakukaa tu. Alimtuma dada yake mtoto amfuate kwa mbali, akiangalia bila kujulikana. Yule dada ndiye aliyefika mpaka nyumba ya Firauni, akaona mtoto anakataa maziwa ya kila mwanamke, akasema neno moja la busara, na mtoto akarudi kifuani mwa mama yake huku akiendelea kulelewa na nyumba iliyompenda. Mke wa Firauni hakukosa mtoto. Mama hakukosa mtoto. Ila ilihitajika mtu mmoja wa kutembea kando ya maji.

Sisi hatukutembea kando ya maji. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko barua ya avoka. Toka mwaka 2018 tumesema "baba alipotea", na neno hilo tumelifanya kama ndilo mwisho wa kutafuta. Nani alikwenda Sebagoro? Nani aliuliza Kyangwali, ambako mpaka leo wako watu wetu wengi kiasi kwamba ukipiga simu mbili utampata jirani wa Tchomia? Nani alijaza karatasi ya Msalaba Mwekundu ya kutafuta jamaa? Nimewauliza jamaa wote wa nyumba ile. Kila mmoja alidhani mwenzake alikwisha kufanya. Na mimi, imam, nilimpokea mtoto chuoni nikaandika katika daftari "yatima" bila kuuliza zaidi. Neno hilo niliandika mimi, kwa kalamu yangu. Barua ya avoka ilikuwa inaendeleza tu nililoanzisha.

Nilikwenda kwa tate kumwomba radhi kwa hilo, si kwa kukataa barua. Alikuwa anachambua maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea. Akasema yeye anaogopa baba akipatikana, kwa sababu huenda ana mke mwingine kule na atamtaka mtoto kwa kazi za nyumbani tu. Na anaogopa asipopatikana, kwa sababu mtoto ataondoka na yeye atakufa bila kumwona tena. "Shehe," akasema, "nikilala naomba dosie iishe. Nikiamka kwa swala ya alfajiri naomba isiishe. Mungu atasikia lipi?" Sikuwa na jibu, na sina. Nilimwambia tu kwamba hofu yake ya kwanza inaweza kusemwa mbele ya tribinali ya watoto, ile iliyowekwa na sheria ya tarehe 10 Januari 2009, kwa kuwa hakimu ana wajibu wa kuangalia faida ya mtoto hata kama baba yuko. Kuwa hai kwa baba hakumfanyi kuwa mwenye mtoto kama mtu mwenye mbuzi. Naye pia ni mwenye amana, na amana huulizwa.

Mama mdogo wa Kanada nilizungumza naye kwa simu, Jumamosi ile ile. Alilia, akanikasirikia, na sikumlaumu. Chumba kimepakwa rangi mara mbili. Ana kitanda kilichonunuliwa kwa mtoto wa miaka mitatu, akakiuza, akanunua kikubwa. Akaniuliza: "Mnataka nifanye nini tena?" Nikamwambia asiache kupiga simu Jumamosi, na jina la baba abaki nalo mtoto katika kila karatasi itakayoandikwa, hata kule. Hilo la jina alikubali mara moja. Akasema hata yeye alikuwa halitaki lile jina jipya, ila aliambiwa ndivyo inavyofanywa. Kuhusu barua alinyamaza muda mrefu, kisha akasema mume wake ana rafiki aliyebaki Kyangwali, mwenye duka la kuchaji simu, na kwamba hawakuwahi kufikiri kumuuliza.

Mtoto mwenyewe hakuna aliyemuuliza kitu mpaka juzi. Nilimwita baada ya somo, nikamuuliza anajua nini juu ya baba yake. Akasema anajua alikuwa anapiga mluzi. Alikuwa hajatimiza miaka miwili, sijui kama ni kumbukumbu au ni kitu alichoambiwa na tate. Nikaandika hilo pia.

Basi natoa tangazo hili, na naomba lisomwe katika misikiti yetu ya Bunia, na anayekwenda Kasenyi, Tchomia au Mahagi alichukue. Anatafutwa mwanaume, mchuuzi wa samaki wa Tchomia, aliyevuka ziwa Februari 2018, mrefu, mwenye kovu la moto mkono wa kushoto, aliyezoea kupiga mluzi akipanga samaki. Jina lake nitampa kwa mdomo yeyote atakayenijia. Aliyekuwa Sebagoro au Kyangwali mwaka ule, hata kama anadhani hakuona kitu, na aliyeshiriki kuzika watu wa kipindupindu na anakumbuka majina, aje kwangu chuoni kati ya alasiri na magharibi. Mwendesha pikipiki mmoja wa jamaa yetu amejitolea kumleta bure mzee asiyeweza kutembea. Nauli ya mtu wa kwenda Kyangwali imechangwa nusu, na aliyeishika ni mweka hazina wa msikiti.